Fumbo na Haki ya Mteguaji
Mtungaji wa mchezo mdogo wa mafumbo katika kompyuta hukabiliwa na swali lilelile la mtega kitendawili: afiche nini, na nini akiache wazi? Maziwa ya Momela yamo katika mabonde ya kifusi kilichoporomoka kutoka Mlima Meru. Yamekaribiana, lakini rangi zake hutofautiana kwa sababu ya mwani. Mtu akitega, "Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na kanzu yake," tumbo ni mlima, kanzu ni rangi. Jibu limefichwa; njia haikufichwa. Hadhira ikishindwa, hutoa mji, kisha huambiwa. Ikiwa hata hapo haioni jibu lilivyokuwamo katika maneno, aliyeshindwa ni mtungaji.