Sitari Mikononi mwa Mgeni

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alibisha mlango wa ofisi yangu, akaingia, akaketi na kunyamaza kwa kitambo. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili. Huko, mwalimu mmoja mkongwe alimsikiliza darasani tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, kisha akamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba Kiswahili chake ni safi, "lakini si chako." Msichana huyu amezaliwa na kulelewa mbali na bahari, na lugha ya mama yake si Kiswahili. Aliniuliza kama haingekuwa busara ahamie somo jingine angali na wakati.

Sikumjibu kwa nadharia za isimu, ijapokuwa ndizo zinazonipa riziki. Nilimsimulia habari za Wamarekani wawili waliokwenda shule ya muziki wa Kihindi wakiwa watu wazima. Na kwa kuwa swali lake limekuwa likinikera tangu siku hiyo, naomba niwasimulie nanyi wasomaji wangu.

Wa kwanza ni Collin Walcott, aliyezaliwa mjini New York mwaka 1945. Alisomea ala za kupigwa katika Chuo Kikuu cha Indiana, akahitimu mwaka 1966. Huyu, basi, hakuwa kijana aliyeokota gitaa njiani. Alikuwa amefunzwa kwa utaratibu wa Kizungu, ambao msingi wake ni karatasi: mtunzi huandika, mpigaji husoma, na anayekosea huonyeshwa palipoandikwa. Akiwa na shahada yake mkononi alikwenda Los Angeles, akawa mwanafunzi wa Ravi Shankar katika sitari na wa Ustadhi Alla Rakha katika tabla. (Naam, ustadhi. Neno hilo Wahindi wanalo kama tulivyo nalo sisi, nao humwita hivyo fundi wa muziki aliye Mwislamu.) Mhitimu wa chuo kikuu akaketi sakafuni akaanza upya.

Kwa wasioijua, sitari ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na tumbo la kibuyu. Jina lake ni la Kiajemi, na maana yake ni "nyuzi tatu", lakini majina aghalabu huachwa nyuma na vitu vyenyewe: sitari ya leo ina nyuzi zipatazo 20. Sita au saba ndizo zipigwazo. Zilizobaki hupita chini, na kazi yake kubwa ni kutetemeka zenyewe zinaposikia sauti iliyo sawa na zao. Mpigaji haridhiki na kuubonyeza uzi tu. Huuvuta kando, sauti ikapanda bila kukatika kutoka noti moja hadi nyingine, kama mwimbaji anavyoivuta irabu. Mvuto huo huitwa mindi, na humo ndimo ulimo uhai wa muziki wenyewe. Jaribu kuuandika kwa alama za Kizungu: utaandika ulipoanzia na ulipoishia, nayo safari itakuponyoka.

Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba sitari husemwa kabla ya kupigwa. Noti zina silabi zake: sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Mapigo ya mkono wa kulia nayo yana silabi zake: pigo la kuingia ndani ni da, la kutoka nje ni ra, na yakifuatana kwa kasi huwa diri. Mwalimu hutamka au huimba kifungu, mwanafunzi akakirudia, kwanza kwa kinywa, kisha kwa vidole, siku baada ya siku. Hivyo ndivyo mtoto anavyopewa lugha na mama yake. Hapewi sarufi kwanza. Na raga si wimbo, wala si orodha ya noti. Ina njia yake ya kupandia na njia yake ya kushukia, noti za kutuliwa na noti za kupitiwa upesi. Mtu aweza kupiga noti zote sahihi na bado asiwe amesema raga, kama vile mgeni awezavyo kupatanisha ngeli zote sawasawa na bado mwenyeji akamtazama kwa mshangao.

Hapa msomi huumia kuliko asiyesoma, na nayasema haya kwa ushuhuda. Nilikulia bara. Nilikuwa nimekwisha kupata shahada yangu ya pili, nami nimesoma vitabuni kwamba wenyeji wa Mombasa hutenganisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi: yule wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, la moto halina. Niliweza kuliandikia jambo hilo kurasa kadhaa. Kulisikia ndiko kulikonishinda. Aliyenifunza ni bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyenitamkisha jioni nyingi barazani kwake, akicheka. "La, mwanangu," alikuwa akiniambia, "huyo ushamtia motoni tena." Nilikuwa naelekea umri wa miaka 30, na ilinibidi kuliweka daftari kando.

Wengi walioishika sitari zama za Walcott hawakuliweka daftari kando, au hawakudumu. George Harrison wa kundi la Beatles aliipiga katika wimbo uliorekodiwa mwaka 1965, akaenda Bombay mwaka 1966 kufunzwa na Ravi Shankar mwenyewe, lakini kabla ya muongo ule kumalizika alikuwa ameirudia gitaa. Alitambua kwamba alikuwa amechelewa mno kuwa bingwa wa sitari. Simlaumu, kulikiri hilo ni uungwana. Ninaowalaumu ni wale waliokuja baada yake wakaitia sitari katika nyimbo zao kama pambo, mfano wa mgeni anayetia "jambo" na "asante" katika hotuba ya Kiingereza ili apigiwe makofi.

Walcott hakuiacha, wala hakuifanya pambo. Mwaka 1970 alishirikiana na wenzake watatu kuanzisha kundi la Oregon. Sitari yake imo pia katika santuri ya Miles Davis ya mwaka 1972, "On the Corner". Baadaye aliungana na Don Cherry, mpiga tarumbeta wa Marekani, na Naná Vasconcelos, mpiga ngoma wa Brazili, wakajiita Codona, jina lililotokana na silabi za kwanza za Collin, Don na Naná. Sikilizeni santuri yao ya kwanza, waliyoirekodi mwaka 1978. Mle hamna raga ya saa nzima kama zipigwavyo Benares, na mpenzi wa muziki wa jadi ana haki ya kulalamika kwamba huo si muziki wa Kihindi. Lakini hakuna noti inayopigwa kwa kubahatisha. Ni mtu aliyejifunza lugha ya wenyewe kwa adabu, kisha akaitumia kusema yaliyo moyoni mwake yeye.

Mmarekani wa pili hakupiga sitari. Aliimba, na muziki wake ni wa Kusini mwa India. Jon Higgins, aliyezaliwa mwaka 1939, alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, akafunzwa na T. Viswanathan, akaenda India kwa ufadhili wa Fulbright. Yeye alichagua njia ngumu zaidi, kwa maana mwimbaji hana mahali pa kujificha: nyimbo zile zina maneno, ya Kitelugu, ya Kitamili, ya Kisanskriti. Kitelugu kina t ya menoni na t ya ulimi uliokunjwa nyuma, na anayezichanganya hujulikana mara moja. Higgins hakuzichanganya. Wahindi wenyewe walimwita Bhagavatar, jina la heshima wanalopewa waimbaji waliobobea. Mwaka 1971 alianzisha pamoja na Trichy Sankaran mafunzo ya muziki huo katika Chuo Kikuu cha York, Toronto.

Mwaka 1984 uliwachukua wote wawili. Mwezi Novemba, Oregon wakiwa safarini, Walcott aliaga dunia katika ajali ya barabarani karibu na Magdeburg, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mwezi uliofuata, Higgins aligongwa na gari akitembea kwa miguu nchini kwao, akafa akiwa na miaka 45.

Yule mwalimu mkongwe, nilimwambia mwanafunzi wangu, anamtambua Higgins peke yake. Kwake, mgeni hukubalika siku asipotambulikana kuwa mgeni. Nami namheshimu Higgins. Matamshi si jambo la kudharauliwa, na bibi yangu wa Mji wa Kale angenikana nikisema vingine. Ila tukiwa na akina Higgins tu, lugha itapata walinzi na kukosa watunzi. Marehemu Juma Bhalo aliimba taarabu ya Mombasa kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, na wapenzi wake hawakumdai hatimiliki ya mahadhi hayo.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Na wewe, Daktari, ni yupi kati yao?"

Nilicheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nimetumia miaka ishirini nikijitahidi nisitambulikane, na sijaandika hadithi hata moja. Aliniomba nimwazime santuri ile ya Codona. Hajairudisha hadi leo, lakini juzi nimeliona jina lake katika orodha ya wanafunzi wa mwaka wa nne wanaosomea Kiswahili.