Mtoto wako anacheza pool? Mzazi, jua mchezo kabla hujafoka

SIKU ya gulio, kijana wa miaka 15 katika kijiji kama Rangwi, wilayani Lushoto, anatumwa na mama yake kupeleka viazi na karoti kwa mnunuzi. Saa nne asubuhi mzigo umeshauzwa. Saa nane mchana kijana bado hajarudi. Jirani anayepita anamwambia mama: "Mwanao nimemwacha kwenye pool."

Kwa wazazi wengi, maneno hayo yanatosha kuwasha moto nyumbani. Kwao pool ni pombe, uvivu na fedha zinazopotea. Mwaka 2016 hata Rais John Magufuli alikemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi.

Hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba wazazi wachache wanaujua mchezo wenyewe, na kijana akigundua kuwa mzazi anafokea jambo asilolijua, humsikiliza kwa sikio moja. Kwenye meza ya pool kuna vitu viwili: mchezo na dau. Mzazi asipovitenganisha, anaweza kuzuia mchezo huku dau likiendelea kwa siri.

Ulikotoka

Biliadi, mama wa pool, ilianzia Ulaya katika karne ya 15. Ulikuwa mchezo wa nje, wa kugonga mipira kwenye majani kwa vigongo vya mbao. Ulipohamishiwa ndani, meza ikavikwa kitambaa cha kijani ili kufanana na majani, na rangi hiyo ipo hadi leo. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa ni miongoni mwa watu wa mwanzo wanaojulikana kumiliki meza ya biliadi, karibu mwaka 1470.

Fimbo nayo ina kisa chake. Mpira ulipokaa karibu na ukingo wa meza, kichwa kipana cha kigongo hakikuufikia vizuri. Wachezaji wakakigeuza na kuupiga kwa mkia wake. Mkia huo ndio uliozaa fimbo ya sasa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya uchungu. Katika karne ya 19 mipira bora ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za ukanda huu zilitafutwa sana. Misafara ya wafanyabiashara wa pembe kutoka Pangani ilipita bondeni, chini ya Milima ya Usambara, na Mazinde kwa Chifu Semboja ilikuwa moja ya vituo vikubwa. Pembe moja ilitoa mipira michache tu.

Pembe zilipozidi kuwa ghali, kampuni moja ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu mbadala. Mwishoni mwa miaka ya 1860, John Wesley Hyatt alitengeneza seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo duniani. Mipira ya leo ni ya plastiki ngumu.

Jina lenyewe ni dau

Mzazi anayedhani kamari ilivamia mchezo huu juzi juzi atashangaa. Kwa Kiingereza cha wakati ule, "pool" lilikuwa fungu la fedha ambalo kila mchezaji alichangia na mshindi akalizoa lote. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na nyumba za kubashiri mbio za farasi zilizoitwa kwa jina hilo. Ndani yake ziliwekwa meza za biliadi ili wateja wapitishe muda wakisubiri matokeo. Baadaye jina la dau likabaki kwa meza.

Hata hivyo, mchezo unachezeka bila senti kubadilishana mikono, na una mashindano rasmi. Tanzania imekuwa na mashindano ya taifa ya pool, yakihusisha timu na wachezaji mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake.

Kanuni kwa ufupi

Mchezo wa kawaida una mipira 16: mmoja mweupe na 15 ya kuingiza katika mashimo sita. Mipira yenye namba 1 hadi 7 ina rangi moja, 9 hadi 15 ina mistari, na namba 8 ni mweusi. Kwenye meza nyingine makundi ni nyekundu na njano.

Mchezaji hugonga mweupe tu, nao ndio unaosukuma mingine. Mmoja huanza kwa kuvunja, yaani kutawanya mipira iliyopangwa pembetatu. Kisha kila mmoja hupata kundi lake. Ukiingiza mpira wako unaendelea, ukikosa unampisha mwenzako. Ukimaliza kundi lako, unaruhusiwa kuingiza mweusi na kushinda. Ukiuingiza mweusi mapema, umepoteza.

Kuingiza mweupe shimoni ni kosa, kama ilivyo kuanza kugusa mpira wa mpinzani. Adhabu hutofautiana: kwingine mpinzani anauweka mweupe anapotaka, kwingine anapata mapigo mawili. Ndiyo maana wachezaji makini hukubaliana kanuni kabla ya kuanza.

Anayecheza vizuri hujifunza kupima pembe, kutulia na kufikiria pigo linalofuata.

Hatari iko wapi

Ya kwanza ni dau. Huanza na "anayefungwa analipia mchezo", kisha linapanda. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata baada ya kuumia.

Ya pili ni mahali. Meza nyingi zipo baa au jirani na baa, palipo na pombe na moshi wa sigara. Ubongo wa kijana bado unakua hadi miaka ya ishirini na kitu, na pombe huudhuru kuliko wa mtu mzima.

Ya tatu ni saa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayebaki mezani hadi usiku wa manane huchukua usingizi huo darasani.

Mzazi afanye nini?

Muulize mambo matatu kwa utulivu: unacheza wapi, na nani, na anayefungwa anatoa nini? Jibu la swali la tatu ndilo la kulisikiliza zaidi.

Weka mipaka inayoeleweka: hakuna dau hata la soda, hakuna baa, hakuna saa za shule wala za usiku. Mkiona meza iliyo mahali salama, nenda naye siku moja akufundishe. Akikuonesha namna ya kushika fimbo, utaona pia anaocheza nao na mazingira yao.

Usimpe kijana fedha nyingi za mauzo bila makubaliano ya kurudisha hesabu siku hiyo hiyo. Fedha zikipotea mara kwa mara, akianza kukopa, kuuza vitu vya nyumbani au kudanganya, usiishie kwenye fimbo na matusi. Zungumza na mwalimu wake na ufike kituo cha afya, uombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa ushauri nasaha.

Mama wa Rangwi anayemsubiri mwanawe anayo haki ya kukasirika. Lakini kijana atakapofika mlangoni, swali la kwanza lisiwe "kwa nini umecheza?" Liwe "hesabu ya viazi iko wapi?" Ikiwa fedha zimetimia, kosa ni kuchelewa, na adhabu iwe ya kuchelewa. Ikiwa zimepungua, hapo ndipo mazungumzo marefu yaanzie.