Kinachochakaa kwenye siti ya ngozi

Harrier au Prado iliyotoka Japani ikiwa na siti za ngozi mara nyingi hufika Moshi ikiwa imetumika miaka 10 au zaidi, na dosari yake ya kwanza huonekana mahali palepale: ukingo wa nje wa siti ya dereva, pale nyonga inapojisugua kila mtu anapopanda na kushuka. Rangi imefifia, nyufa nyembamba zimetapakaa, na wajuzi wa kijiweni wanatamka hukumu kwamba ngozi imekufa. Tiba wanayopendekeza ni kuvua ngozi yote na kushona ngozi bandia, au kuifunika kwa siti kava. Naona kwamba kwa magari mengi tiba hiyo hutupa kitu kizima kwa kosa la kilichopakwa juu yake. Naona pia kwamba Moshi, kuliko miji mingi ya nchi hii, ina kila sababu ya kuwa na mafundi wanaoijua tofauti hiyo.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi nyingi za magari yaliyoko barabarani zilisindikwa kwa chumvi za kromi, njia iliyoenea viwandani tangu mwisho wa karne ya 19, ambayo huiacha ngozi na ubuluu hafifu. Baada ya hapo huchovywa rangi na kukaushwa, na mara nyingi uso wake husuguliwa ili kuondoa makovu ya kupe na miiba. Kisha hupuliziwa tabaka za rangi iliyochanganywa na gundi ya akriliki au poliyurethani, na juu kabisa tabaka la kinga lisilo na rangi. Tabaka hizi zote zikijumlishwa huwa na unene kama wa karatasi ya daftari, au chini ya hapo, wakati ngozi iliyo chini yake huwa na unene wa milimita 1 hivi au zaidi. Kwa hiyo tunachokigusa tukisema ni ngozi ni rangi, na nyumba ikibabuka rangi hakuna anayebomoa ukuta.

Ushahidi upo hapohapo kwenye ufa. Ubane kwa vidole gumba viwili, uupanue kidogo, umulike kwa tochi ya simu. Ukiona sakafu laini ya kijivu, ya ubuluu, au ya rangi iliyopooza, basi kilichopasuka ni utando wa rangi tu. Ukiona nyuzinyuzi zilizochambuka kama pamba, ngozi nayo imeanza kuachia na itahitaji kiraka kwa ndani kabla ya rangi. Fundi asiyeangalia ufa kwa namna hii anabahatisha, hata kama mkono wake ni mwepesi kwenye cherehani.

Mazingira ya Kilimanjaro yana namna yake ya kuumiza utando huo. Mji uko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua la Januari hupikia ndani ya gari lililofungwa vioo. Magari ya watalii hushinda juani kwenye mageti ya mlima, kisha hupakia watu waliojipaka mafuta ya kuzuia jua na dawa ya mbu. Dawa za mbu zenye kemikali ya DEET huyeyusha aina kadhaa za plastiki na tabaka za rangi. Mahali mgeni alipoegemeza kiwiko hunatanata, na vumbi jekundu hunasa humo. Huko juu mlimani, Kibosho au Mamba, kuna tatizo la kinyume: gari linaloachwa kwenye banda la kihambani, yaani shamba la nyumbani, kusubiri Desemba, watoto wa nyumbani wanapopanda kutoka Dar es Salaam, hupitia masika nzima kwenye unyevu na kuota ukungu. Ukungu kwa kawaida hukaa juu na husafishika. Anayeuvamia kwa brashi ya waya ndiye anayeleta hasara.

Madhara makubwa zaidi hutoka kwa waliodhamiria kusaidia. Rangi ya viatu ni nta na rangi isiyoshikamana na utando. Siku ya kwanza siti inang'aa, siku ya pili suruali ya mteja imeshapata doa. Mafuta ya kula hayapenyi kwenye utando mzima, bali hujipenyeza kwenye nyufa, huganda na vumbi, na baadaye huchacha. Vile vinyunyizio vya kung'arisha dashibodi ndivyo vibaya kuliko vyote kwa fundi atakayefuata, kwa kuwa silikoni iliyomo huifukuza rangi mpya na kuacha vitundu kama macho ya samaki.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kupaka siti upya haifanywi na bunduki ya rangi. Siti huoshwa kwa sabuni isiyo kali, hufutwa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke bila mafuta, husuguliwa taratibu kwa msasa laini, na nyufa hujazwa pati inayokunjika. Pati ya bodi ya gari haifai: hukauka ikawa ngumu na kupasuka mtu akikaa mara ya kwanza. Rangi ya maji hupulizwa mikono kadhaa, kila mkono mwembamba na uliokaushwa, kisha hufuata tabaka la kinga lililotiwa kigumishi. Anayepaka mkono mmoja mzito ili awahi kufunga kazi ndiye aliyewafanya watu waamini kwamba rangi ya siti lazima ibanduke.

Watu watasema siti kava ni rahisi na haina mashaka. Kwa siti iliyochanika vipande, sibishi. Lakini magari mengi ya miaka hii yana mifuko ya hewa iliyofichwa ubavuni mwa siti, na mshono wa upande huo umeshonwa kwa makusudi uachie mfuko unapolipuka. Kava inayobana, au mshono mpya wa uzi mgumu, unaweza kuuzuia mfuko au kuupotosha. Rangi haigusi mshono. Wengine watahofu kwamba siti iliyopakwa upya inamficha muuzaji mwongo wa kilomita. Hofu hiyo ina ukweli, ila mnunuzi makini huangalia pia mpira wa pedali na usukani, na fundi mwaminifu huandika kwenye risiti alichofanya.

Yapo mambo ambayo rangi haiyawezi. Kwenye siti nyingi za Kijapani ngozi halisi iko sehemu za kukalia na kuegemea tu. Nyuma ya mgongo na pembeni ni plastiki, inayohitaji maandalizi tofauti. Ngozi bandia ya poliyurethani iliyoanza kumenyuka kwa unyevu, ikitoka magamba, haiponi, na kupokea pesa ya kuipaka ni wizi. Fundi huitambua kwa kuangalia upande wa chini wa siti: kitambaa badala ya nyuzi za ngozi.

Maarifa haya hayahitaji kuagizwa mbali. Karanga, mjini Moshi, kuna kiwanda cha ngozi cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kilichozinduliwa Oktoba 2020. Himo nako kuna kiwanda cha kusindika ngozi. Kemia ya kumalizia ngozi ya kiatu, yaani rangi, gundi na tabaka la kinga, ni ndugu wa karibu wa ile ya siti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo Moshi, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Kinachokosekana ni kozi fupi inayowakutanisha mshona siti na mtu wa kiwandani, wakitumia mabaki ya ngozi kwa mazoezi: kupaka, kukunja mara mia, kusugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kuangalia kilichotoka. Kozi hiyo ifundishe pia barakoa yenye kichujio, maana baadhi ya vigumishi vina isosayaneti zinazoweza kusababisha pumu, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote.