Mshubiri Tuulee Nyumbani, Tusiung'oe Maweni

Hapana shaka kwamba nyumba yenye mmea barazani ni nyumba inayomkaribisha mgeni kabla mwenyewe hajatamka neno. Kwa sababu hiyo ni jambo la kufurahisha kuona, mijini na mashamba, Unguja na Pemba, wananchi wakiipanda katika vyungu, makopo na madebe ile mimea ya majani manene yaliyojipanga duara mfano wa ua la waridi. Wa kwanza miongoni mwa mimea hiyo, kwa umaarufu na kwa manufaa, ni mshubiri.

Lakini kupanda ni jambo moja, na kulea ni jambo jingine. Mishubiri mingi inayopandwa majumbani na maofisini haifikishi mwaka wa pili. Inapokufa, mwenyewe hushawishika kutafuta mwingine ulio tayari, mkubwa na wa bure, nao ni ule uliojiotea katika mawe ya pwani. Basi mshubiri unaooza katika chungu cha mtu mmoja waweza kuwa sababu ya mshubiri mwingine kung'olewa maweni. Ndiyo maana safu hii inaliona suala la ulezi wa mmea huu kuwa si la mapambo peke yake, bali ni la hifadhi ya mali ya asili ya visiwa vyetu.

Waliokaa chuoni wanafahamu kwamba neno shubiri na neno subira yametoka katika shina moja la Kiarabu. Wazee waliotutangulia hawakukosea kuvikutanisha viwili hivyo. Shubiri ni chungu, na hata mama aliyetaka kumwachisha mwanawe ziwa aliipaka ili mtoto aone uchungu akatae mwenyewe. Na mmea wenyewe ni mwenye subira kuliko mimea yote ya barazani, kwani unaweza kukaa majuma kadhaa bila ya tone la maji na usilalamike.

Subira hiyo ina asili yake. Wataalamu wa mimea wanaeleza kuwa mshubiri huu wa majumbani, unaoitwa kitaalamu Aloe vera, kwao ni katika milima ya kaskazini ya Oman, nchi ambayo visiwa vyetu vina udugu nayo wa karne nyingi. Huko mvua ni chache na mawe ni mengi. Shubiri yenyewe nayo, yaani utomvu uliokaushwa, ilikuwa bidhaa ya bahari yetu ya Hindi tangu zama za kale. Katika karne ya 19 vitabu vya dawa vya Ulaya na Marekani viliitaja hata shubiri ya Zanzibar, kwa kuwa ilipitia katika bandari yetu.

Mmea uliozaliwa katika ukame hauna budi kuwa na hila ya kuishi. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani yake mchana ili ivute hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri hufanya kinyume. Mchana hujifunga, na usiku, hewa inapopoa, hufungua vinyweleo na kuweka akiba ya hewa itakayotumika jua litakapochomoza. Maji nayo huyahifadhi ndani ya majani, kama mtu anayejaza mtungi wake wakati wa neema. Kwa hiyo anayeumwagilia mmea huu kila siku anamlisha aliyekwisha kushiba.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la walezi wengi. Oman adui wa mshubiri ni ukame, lakini adui wake visiwani ni masika. Unguja hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na Pemba hupata zaidi ya hiyo. Maji yakituama katika udongo, mizizi hukosa hewa na kuoza. Yakituama katikati ya shada la majani, moyo wa mmea huoza, na moyo ukioza hakuna tena cha kuokoa. Dalili zake ni majani kulegea na kugeuka rangi ya manjano, laini kama embe lililopondeka. Wengi wakiiona dalili hiyo hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na hivyo wakaumaliza mmea kwa huruma. Mmea wenye kiu kweli haulainiki hivyo. Majani yake huwa membamba na kujikunja kwa ndani.

Kanuni ni nyepesi. Tia kidole katika udongo. Ukiwa bado na unyevu, acha. Ukiwa mkavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha usiuguse tena mpaka ukauke. Katika joto la kaskazi, mara moja kwa juma au kwa siku kumi yatosha. Wakati wa masika, mmea usogezwe chini ya upenu, na huenda usihitaji kumwagiliwa hata mara moja kwa mwezi. Maji yamwagwe pembezoni, juu ya udongo, na siyo katikati ya majani.

Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki, kwa kuwa kinapitisha hewa na kukausha unyevu. Asiye na chungu atumie kopo au debe, ilimradi chini alitoboe matundu ya kutosha. Udongo usiwe mzito. Nusu iwe udongo wa shamba uliochanganywa na samadi kidogo iliyokwisha kuoza, na nusu iwe kokoto ndogo au vigae na matofali yaliyopondwa. Mchanga uliochotwa ufukweni usitumike, kwani una chumvi, na kuuchota ni kuila pwani yetu wenyewe. Aidha, kisahani kinachowekwa chini ya chungu kimwagwe maji kila mara. Maji yanayotuama humo ni mazalio ya mbu anayeeneza homa ya dengi, na haifai pambo la nyumba kuwa chanzo cha maradhi ya mtaa.

Kuhusu mwanga, mshubiri hupenda jua, lakini haupendi kushtushwa. Uliozoea kivuli ukitolewa ghafla kwenye jua la saa saba, majani hubabuka na kuwa mekundu au kahawia. Uzoeshwe kidogo kidogo, uanze na jua la asubuhi. Kwa upande mwingine, uliofungiwa katika ofisi yenye mapazia na kiyoyozi hurefuka, hupauka, na majani yake huinama. Enyi watendaji wa ofisi za umma, kama mmea umo chumbani mwenu, uwekeni karibu na dirisha, na atajwe mtu mmoja wa kuuangalia. Mmea unaomwagiliwa na kila apitaye hauna mlezi, na hufa kwa wingi wa wahisani.

Wapo wanaovutiwa na jamaa zake wa mbali wanaouzwa siku hizi, hasa Echeveria, wenye shada dogo la rangi ya kijivu au waridi. Mimea hiyo ni mizuri, lakini wengi wa jamaa hao kwao ni nyanda za juu za Mexico, ambako usiku ni wa baridi. Joto la usiku la pwani yetu, pamoja na unyevu, huidhoofisha. Mwenye kuanza na aanze na mshubiri, ambao umekwisha kuizoea hewa yetu.

Wadudu wake wakubwa ni vidung'ata, wale weupe mfano wa pamba, wanaojificha katika maungio ya majani. Huondolewa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya sabuni, na mmea wenyewe utengwe na mingine mpaka utakate.

Sasa tuje kwenye uzazi, nalo ndilo jambo linaloondoa kabisa haja ya kung'oa maweni. Mshubiri ukikomaa huzaa vichipukizi kandoni mwake, kama mgomba. Kichipukizi kikifikia urefu wa kidole kitengwe kwa kisu safi pamoja na mizizi yake, kiachwe kivulini siku mbili au tatu mpaka jeraha likauke, kisha kipandwe. Kwa juma la kwanza kisimwagiliwe maji. Mmea mmoja waweza kuwapatia miche majirani kadhaa.

Asiyeamini nguvu ya uzazi wa namna hii na autazame mkonge, ambao nao ni mmea wa shada la majani manene. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai katika pwani ya Bara ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa ya mkonge, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kama miche 62 iliweza kujaza mashamba ya nchi nzima, haielekei kwamba visiwa hivi haviwezi kujaza vyungu vyake bila ya kugusa mmea hata mmoja wa porini.

Lipo pia neno la tahadhari. Ndani ya jani la mshubiri mna vitu viwili. Upo ute mweupe usio na rangi kali, unaopakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo. Na upo utomvu wa manjano chini ya ganda, ambao ndio shubiri yenyewe, nao huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliziondoa madukani dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri, baada ya watengenezaji kutoleta uthibitisho wa usalama wake. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasinyweshwe. Wala si kila mshubiri ni dawa: Aloe ballyi, unaoota kusini mashariki ya Kenya na kaskazini mashariki ya Tanzania Bara, una sumu. Kung'oa usioujua na kuutia kinywani ni kuhatarisha maisha.

Tunalisisitiza suala hili kwa kuwa visiwa vyetu vina amana ya pekee. Mwaka 1998 Profesa L. E. Newton alieleza kitaalamu mshubiri alioupa jina la Aloe pembana, yaani mshubiri wa Pemba. Haujulikani kuota kwa asili mahali pengine popote duniani. Karafuu tuliletewa, mnazi umeenea pwani zote, lakini mshubiri huu ni wetu peke yetu. Ukitoweka Pemba umetoweka ulimwenguni, na hakuna nchi ya kuiomba mbegu.

Wenzetu wameshaliona tatizo hili. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya Rais mwaka 1986, baada ya biashara ya utomvu kuanza kuimaliza. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama tangu mwaka 1980, unaidhibiti biashara ya nje ya mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera tu. Lakini mkataba hulinda bandarini. Maweni hulindwa na watu wanaoishi huko.

Kwa hiyo, wenye dhamana ya misitu na kilimo wana wajibu wa kuhakikisha kwamba vitalu vya miche vinazalisha mishubiri ya kutosha na kuiuza kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida ataimudu. Wenye dhamana ya kutoa vibali vya kuvunja mawe na kujenga pwani hawana budi kwanza kuuliza ni mimea gani iliyopo hapo. Wenye mahoteli wanaotaka bustani za kupendeza wanunue vitaluni, na waonyeshe miche yao ilikotoka. Walimu nao wanaweza kuanzisha kitalu cha vichipukizi katika kila skuli, kwani gharama yake ni kopo, kokoto na uangalifu.

Na kwa mwananchi mmoja mmoja, wajibu ni mdogo zaidi. Asiye na mshubiri amwombe jirani kichipukizi. Aliye nao asiuzamishe kwa maji, na ukizaa awagawie wengine. Uliopo maweni uachwe maweni.