Maji Meupe Baada ya Kubadili Chujio: Hewa, Vumbi au Udongo?

Chujio la maji limebadilishwa, bomba linafunguliwa, na maji yanatoka meupe mithili ya maziwa yaliyozimuliwa. Wengine huyamwaga ndoo baada ya ndoo. Wengine huwanywesha watoto bila wasiwasi, kwa kuwa chujio ni jipya. Huenda wote wamekosea.

Mara nyingi weupe huo ni hewa. Chujio lililounganishwa na bomba likifunguliwa, hewa huingia ndani yake. Maji yakirudi kwa msukumo, huivunja kuwa viputo vidogo mno. Maji baridi hubeba hewa nyingi zaidi, nasi twajua yalivyo maji ya Mbeya mwezi Juni na Julai. Tena mji huo uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Pwani, hivyo hewa iliyomo majini hutoka kwa urahisi.

Jaza bilauri ya kioo, uiache mezani dakika 5. Maji yakitakata kuanzia chini kwenda juu, weupe ulikuwa hewa (jambo ambalo halithibitishi kwamba hayana vijidudu). Chembe zikituama chini, yaelekea ni vumbi la chujio jipya. Pitisha maji, umwagilie bustani, hadi yatoke safi. Yakibaki na ukungu kwa saa nzima, shuku udongo, hasa majira ya mvua, wakati Ruaha Mdogo, unaohudumia mji wa Iringa, hubeba tope.

Chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa kauri latakiwa kuangaliwa kwa makini zaidi. Humo hamna msukumo wa bomba, kwa hiyo weupe ni nadra kuwa hewa. Mshumaa hushikwa katika tundu la ndoo ya juu kwa mpira na nati. Mpira ukikaa upande, au mshumaa ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, maji hupita pembeni bila kuchujwa, na chujio hubaki pambo la jikoni. Ndoo ya chini ikijaa upesi kuliko kawaida, lifungue ulikague. Mshumaa husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, pasipo sabuni.

Wakati wa mashaka, chemsha. Husemwa kwamba nyanda za juu maji huchemka kabla ya kuwa moto vya kutosha. Kweli, Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa kabla ya hapo. Anayetumia klorini ayatuamishe kwanza na kuyachuja kwa kitambaa safi, maana uchafu huipunguzia dawa nguvu.

Iwapo maji ya bomba yasiyopita katika chujio nayo yana ukungu, na kwa jirani ni vivyo hivyo, taarifa iende mamlaka ya maji, ikitaja siku, saa, na kama maji yalikuwa yamekatika kabla ya hapo.