Kusimama siyo kutembea

Wamama wapenzi, mtoto mmoja wa shule yetu hapa Kongolo alifutwa kwenye orodha ya kinga za kuendesha kwa mikono, eti walimuona anasimama. Ndiyo, alisimama kuwasalimia wageni, kama tunavyomfundisha darasani! Lakini kufika shuleni anapumzika mara 4, na siku ya mvua mama yake anambeba mgongoni, naye ana miaka 11.

Tukaandika barua pamoja na mama. Hatukusema tu "hawezi kutembea"; tuliandika hizo mara 4, matope, na mgongo wa mama. Tukataja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Kopi yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Juma lijalo tunarudi nayo kuuliza jibu. Anayetaka kutusindikiza, karibu.