Sauti kubwa si sauti safi

Mwaka jana nilihudhuria zoezi la tahadhari ya mafuriko. Tangazo lilikuwa limerekodiwa vizuri kwenye simu. Kijana mmoja akachukua waya, akaunganisha tundu la simu moja kwa moja na tundu la kipaza sauti la redio ya upepo. Upande wa pili walisikia mkoromo mtupu. Hakuna aliyeambulia hata jina la mahali pa kuhamia. Bahati yetu lilikuwa zoezi.

Je, kosa lilikuwa wapi? Kipaza sauti hutoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, na redio imeundwa ipokee hicho kidogo. Simu au kinasa sauti huweza kutoa volti 0.3 au zaidi, kiasi cha mara mia moja hivi. Redio ikizidiwa, hukata vilele vya sauti, na maneno hugeuka mikwaruzo. Ukiongeza sauti ili usikike zaidi, ndipo unapoharibu zaidi.

Dawa yake si ghali. Fundi huweka rezista ya omu 100,000 kwenye njia ya sauti, na nyingine ya omu 1,000 kati ya njia hiyo na waya wa ardhi. Hapo sauti hushuka hadi karibu sehemu moja ya mia. Kisha hufuata kapasita ya maikrofaradi 1. Kazi yake ni kuzuia umeme mnyoofu, kama ule wa betri, ambao redio nyingi hupeleka kwenye kipaza sauti, usirudi ndani ya simu. Mvumo ukiendelea, transfoma ndogo ya sauti hutenganisha vyombo hivyo viwili. Nao waya uwe wenye kinga ya nyavu, usidake mawimbi ya antena.

Lakini waya peke yake hautoshi. Redio hizi hupitisha sauti za mtetemo wa kati ya hezi 300 na 3,000 hivi. Zinatosha kwa maneno, si kwa muziki. Tena, wakati swichi ya kurusha imebanwa, wewe husikii mtu, na mwenye shida kubwa kuliko yako hana njia ya kupita. Redio ya mkononi nayo hupata joto ikirusha mfululizo. Kwa hiyo tangazo liwe fupi, kisha achia swichi usikilize.

Ndugu zangu, masharti ya leseni yaheshimiwe, na majaribio yafanyike mapema kwa nguvu ndogo, mtu mwingine akiwa upande wa pili aseme alichosikia. Tangazo la hatari halipimwi kwa lilivyotoka kwetu. Hupimwa kwa lilivyofika kwa anayepaswa kukimbia.